Je, wajua gari lililomo kwenye picha linaweza kukwambia picha ilipigwa lini?

Katika nyumba nyingi za Tanga, Ngamiani kama Chumbageni, hukosi kuikuta picha ya nyeusi na nyeupe ya mtu wa ukoo aliyesimama kando ya gari. Mkono uko juu ya boneti, viatu vinang'aa, na nyuma ya picha hakuna tarehe. Ndugu wanabishana: hapo alikuwa bado kijana, hapana, hapo alikwisha kuoa. Mpe picha hiyo mpenzi wa magari ya zamani, naye hatamwangalia mtu kwanza. Ataangalia taa, grili, vioo na madigadi, kisha atakutajia mwaka ambao picha hiyo haiwezi kuutangulia.

Anaujua kwa sababu viwanda vya magari havitulii. Kila baada ya muda hubadilisha kitu kidogo ili toleo jipya litofautiane na la zamani, na mabadiliko hayo yana miaka inayojulikana. Land Rover, gari la mashamba na la maofisa wa serikali, ndilo mwalimu mzuri wa kuanza naye. Ilioneshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Zile za mwanzo kabisa taa zake zilikaa nyuma ya wavu wa mbele, zikichungulia. Miaka miwili mitatu baadaye wavu ukatobolewa na taa zikatokeza nje. Mwaka 1958 ikaja Series II, ambayo ubavu wake umetuna kidogo badala ya kushuka wima kama ukuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahama kutoka katikati hadi kwenye madigadi, na mwaka 1971 Series III ikaletwa na grili ya plastiki. Kwa hiyo pua tu ya gari, hata kama sehemu nyingine yote imefichwa na watoto waliopanda juu, inatosha kukupa jibu.

Magari madogo nayo yana alama zake. Volkswagen ya mgongo wa mviringo ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanyika katikati hadi Machi 1953, kikafuata kimoja chenye umbo la yai hadi 1957, kisha kikaja kikubwa cha pembe nne. Morris Minor ilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili hadi 1956, na hadi 1961 ilionesha kona kwa kijiti kilichochomoka ubavuni, karibu na mlango. Ford Anglia ya 1959 haikosewi hata na mtoto: kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani.

Peugeot 404 inastahili kutajwa peke yake, maana Afrika Mashariki iliipenda kwa dhati. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa kutoka Tanzania. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1960. Sasa tuseme familia inashikilia kwamba picha fulani ni ya harusi ya mwaka 1958, na bwana harusi ameegemea 404. Ama mwaka wa harusi umesahaulika, ama hiyo ni shughuli nyingine kabisa. Hakuna njia ya tatu.

Hata picha zinazoitwa za enzi za Mjerumani hupimwa hivyo hivyo. Ford Model T ilikuwa na rejeta inayoonesha shaba yake hadi toleo la 1916. Toleo la 1917, lililoanza kutoka nusu ya pili ya mwaka 1916, lilikuja na rejeta iliyofunikwa bati jeusi. Waingereza waliingia mji wa Tanga Julai 1916. Basi ukioneshwa Ford yenye uso mweusi mbele ya jengo la mjini, jengo linaweza kuwa la Mjerumani, lakini picha si ya enzi zake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Gari linakupa mwanzo tu, mwisho halikupi. Land Rover ya 1951 inaweza kupigwa picha mwaka 1951, na inaweza kupigwa picha mwaka 1985 ikiwa bado inabeba mkonge. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, na chumvi ya bahari inayokula magari yetu ya pwani haiwezi bodi hiyo kama inavyoweza bati la chuma. Chesesi ndiyo inayooza, nayo fundi huichomelea. Isitoshe, miaka ya uhaba wa fedha za kigeni gari halikutupwa. Spea zilitolewa kwenye gari jingine, na ndiyo maana utaona mwili wa Series II umevalishwa grili ya Series III. Ikiwa hivyo, fuata kifaa kipya kuliko vyote kinachoonekana.

Yapo mambo mengine ya kuangalia kabla ya kukata shauri. Rangi usiikisie: filamu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuona wekundu, hivyo gari jekundu hutoka jeusi. Usukani ukiwa upande wa kushoto, chunguza kama picha ilisafishwa kinyume. Hapa pwani kanga hutusaidia, kwani jina la kanga likisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Duara lenye herufi EAT nyuma ya gari linakwambia liliandikishwa Tanganyika au Tanzania Bara, halikwambii lini. Karatasi yenyewe ichunguze kwa taa ya kukagulia noti: ikimetameta kwa bluu nyeupe, kuna uwezekano mkubwa ilichapwa miaka ya 1950 au baadaye.

Utaona kwamba karibu kila kidokezo hapo juu kinakupa mwanzo. Mwisho unapatikana kwa vitu vilivyokwisha kutoweka: mwembe uliokatwa, nyumba iliyobomolewa, bibi aliyesimama mlangoni ambaye mwaka wake wa kufariki unajulikana. Hayo anayajua mzee wa mtaa, na maswali ya kumuuliza ni ya namna hii: "Shikamoo babu, duka hili lilivunjwa lini? Huyu mwenye baibui alikuwa hai bado?" Ukishapata miaka miwili, wa gari na wa mzee, andika yote nyuma ya picha, "baada ya 1960, kabla ya 1972", kwa penseli laini na bila kukandamiza, maana wino hupenya hadi upande wa mbele.