Kwa nini upweke huuma kama njaa?

Machi 16, 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na mgonjwa huyo alikuwa hapahapa kwetu Arusha. Siku ya pili yake shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimama, na mji unaoishi kwa watalii ukapooza. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa kama 620,000 tu.

Hatukufungiwa ndani kwa amri kama wenzetu wa Kampala na Kigali. Wapo lakini waliojifungia wenyewe, na dada yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mpishi wa kambi za safari. Akaambiwa akae nyumbani bila mshahara, katika chumba kimoja cha kupanga kule Sakina. Mama yetu yuko Moshi, ana presha na sukari, basi dada akaapa hakanyagi kwa mama asije akampelekea ugonjwa. Kikoba chake kikaacha kukutana, michango ikawa inatumwa kwa simu.

Wiki ya tatu akanipigia. "Mdogo wangu, sina homa, sikohoi, nimekula nikashiba. Ila kuna kitu kinaniuma humu ndani kama njaa."

Nilimwambia amwombe Mungu, alale. Ninajuta kumjibu hivyo, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwahi kuwaweka watu 40 peke yao kwa saa 10, bila simu. Siku nyingine watu walewale walikaa saa 10 bila kula. Kila mara, baada ya saa hizo, ubongo wao ulipimwa huku wakitazama picha: za vyakula, na za watu wakiwa pamoja. Kuna sehemu ndogo katikati ya ubongo yenye dopamini, kemikali inayomfanya mtu atamani kitu hadi akifuate. Kwa mwenye njaa, sehemu hiyo iliamka alipoona chakula. Kwa aliyekaa peke yake, iliamka alipoona watu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2020.

John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyechunguza upweke kwa miaka mingi, aliueleza kuwa ni kengele ya mwili. Binadamu wa kale aliyebaki nyuma ya wenzake porini alikuwa chakula cha wanyama. Njaa inakutoa ukatafute chakula. Upweke unakutoa ukatafute watu.

Shida inaanza pale kengele inapolia wiki baada ya wiki na mlango haufunguki. Mwili unakaa kama mlinzi wa lindo: usingizi unakuwa mwepesi, unashtuka kwa kishindo kidogo, unaamka umechoka na hujafanya kazi yoyote. Halafu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, akili inaanza kuwaona watu kama hatari. Neno la kawaida linasikika kama dharau. Dada akaacha kupokea simu. Nyumbani tukasema amekasirika, wengine wakasema ana maringo, tukamwacha. Kumbe kadiri mtu anavyowahitaji watu ndivyo anavyozidi kuwakwepa, nasi tukamsaidia kuwakwepa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Sababu ni nyingi: ajira zilizopotea, watoto waliorudi nyumbani, ukatili wa majumbani. Mimi naongeza moja ya kwetu. Mwanamke wa huku hatoki akisema "naenda kuonana na watu". Anakwenda soko la Kilombero, anakwenda kusuka, anakwenda kikobani, anakwenda kupika msibani. Maongezi yanapatikana humohumo kazini. Shughuli ikisimama, na maongezi yamekwisha, na hana jina la kukiita kile alichopoteza.

Aliyemfikia dada ni mama wa chumba cha jirani. Alikuwa anabisha hodi jioni, anaweka kigoda chake mbali kidogo na mlango, kila mmoja anachambua mboga zake. Siku za mwanzo dada hakujibu kitu. Yule mama hakuondoka.

Huzuni ikizidi wiki mbili, mtu akawa hali chakula, hapati usingizi, au anasema heri afe, hapo kigoda peke yake hakitoshi. Apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake.

Julai dada alikwenda Moshi. Mama alimpikia mtori, wakaongea mpaka usiku mwingi. Asubuhi mama akanipigia akiwa na wasiwasi: saa tatu imefika na mwenzako hajaamka.