"Nilisaini fomu, so lazima nilipe": uongo kuhusu bili za hospitali Marekani

Hii sentensi nimeichoka. Mtu analetewa bili ya dola elfu kadhaa, ukimuuliza mbona unataka kulipa anakujibu eti nilisaini fomu pale mapokezi. Jamani, karatasi uliyosaini emajensi huku umeshikilia tumbo haijafuta haki yako.

Sheria ya taifa ya No Surprises Act, ya kukukinga na bili za kushtukiza, ilianza kazi 1 Januari 2022. Kama una bima ya kazini au ya kujinunulia na ukakimbizwa emajensi, hata hospitali iwe nje ya netiweki (yaani haina mkataba na bima yako), unalipa kile ambacho ungelipa ndani ya netiweki basi, hiyo tofauti iliyobaki daktari na bima wavutane wenyewe, wewe haumo. Vilevile umepanga upasuaji hospitali iliyo ndani ya netiweki, kumbe daktari wa usingizi yuko nje na wala hukumchagua, hawezi kukudai tofauti.

Sasa fomu. Ipo kweli moja ya kuachia hizi kinga, lakini lazima iwe peke yake, isifichwe kwenye rundo la karatasi, iwe na makadirio ya bei, na kama miadi ilipangwa mapema upewe masaa 72 kabla. Kwenye emajensi haisainiwi mpaka hali yako itulie. Na hata usaini mara kumi, daktari wa usingizi, eksirei na maabara haiwahusu, hao wamekatazwa hata kukuomba usaini! Mtu wa hospitali akikwambia "lakini ulisaini", mwambie alete nakala. Mara nyingi anachokuonyesha ni ile ya kukubali kutibiwa tu.

"Bima imenitumia bili." Hapana, hiyo ni karatasi ya maelezo ya bima (Explanation of Benefits), imeandikwa hapohapo kwamba sio bili. Itunze, kwa sababu hospitali ikikudai zaidi ya kile karatasi hiyo inasema unadaiwa, hapo ndo pa kuanzia ugomvi.

"Ambulensi imo." Ya helikopta na ndege ndiyo, ya barabarani haimo kwenye sheria ya taifa, ingawa majimbo mengine yana sheria zao. Inaudhi, najua.

"Sina bima, sina haki." Omba makadirio ya maandishi kabla ya matibabu. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi unafungua mgogoro ndani ya siku 120 tangu tarehe ya bili, ada ni dola 25. Halafu hospitali zisizo za faida lazima ziwe na mpango wa msaada wa malipo, na unaweza kuomba hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza.

"Nisipolipa watanifunga." Hofu ya kutoka nyumbani hii, na hata Kenya, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2015 kwamba kuwazuilia akina mama hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Huku Marekani ni deni la madai, sio jinai. Ila karatasi za korti zikija uzijibu, usizitupe.

Hospitali ikikupigia, usiwape namba ya kadi kwenye simu, eti ulipe hata kidogo kuonyesha nia njema. Omba kwanza bili yenye mchanganuo wa kila huduma, pigia bima uwaambie waihesabu kama ya ndani ya netiweki, wakikataa kata rufaa kwa maandishi, una siku 180. Wakizidi kukuzungusha piga 1-800-985-3059, ni ya serikali, uombe mkalimani. Na kila simu andika jina la uliyeongea naye na tarehe.