Aliyepooza na kunyamaza bado anakusikia

Kwenye baraza za Wete na Chake Chake, mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza sauti huzungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo: "Maskini, hata hafahamu tena." Imani hii ni ya zamani, na mara nyingi si kweli.

Kiharusi kikipiga shina la ubongo (sehemu ya chini inayouunganisha na uti wa mgongo) huweza kukata njia inayopeleka amri kwenye ulimi, midomo na koo. Amri zenyewe huendelea kutolewa, na akili inaweza kubaki timamu kabisa. (Kiharusi cha upande wa kushoto huweza kuharibu lugha yenyewe, lakini hata hapo mtu hageuki mjinga.)

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza habari za mwanamke aliyepooza hivyo tangu 2005. Walimwekea juu ya ubongo utando wa elektrodi 253, yaani vinasa vidogo vya ishara za umeme za ubongo. Alipojaribu kutamka bila sauti, kompyuta ilinasa ishara ambazo zingeendesha kinywa na kuzigeuza maneno, yapata 78 kwa dakika. Asiyefahamu angetunga vipi sentensi?

Wapo wanaohofia mashine itafichua siri za moyoni. Ile ilifuata juhudi ya kutamka, tena baada ya wiki kadhaa za kufundishwa na yeye mwenyewe.

Vifaa hivi bado ni vya utafiti. Nyumbani, anzeni na macho: mwambieni atazame juu kwa ndiyo, chini kwa hapana, kisha muulizeni kama anataka maji.