Skii za nyika, chuo cha Marekani, na tunayodanganyana hapa Dar

Jumapili moja saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Barabara ya Toure, pembeni ya Coco Beach, nimevaa skii za magurudumu na fimbo mbili mkononi. Muuza madafu akasimamisha baiskeli, akanitazama kuanzia miguuni, akauliza: "Kaka, pole. Umevunjika miguu yote miwili?"

Skii, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, nilijifunzia chuoni, kaskazini mwa Marekani, nikiwa sijawahi kuona theluji zaidi ya ile ya kwenye friza. Sasa kila vijana wanapoanza kujaza fomu za vyuo vya nje, simu yangu haipumziki. Maswali ni yale yale, na uongo ni ule ule.

"Anko, kros kantri si ni kros kantri?"

Hapana, mpwa wangu. Kiswahili chenyewe kinatuchanganya, maana tukisema mbio za nyika tunafikiria miguu na vumbi. Kule jina hilohilo linabeba michezo miwili: ya kukimbia, msimu wa vuli, na ya skii, msimu wa baridi. Kila mmoja una kocha wake na bajeti yake. Kwenye tovuti za vyuo ile ya skii mara nyingi huandikwa Nordic, kwa hiyo soma fomu mpaka chini. Wala si kuteremka mlima kama kwenye sinema: kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinataka njia ya mashindano iwe takriban theluthi kupanda, theluthi kushuka, na theluthi tambarare yenye mawimbi.

"Mkimbiaji wa Afrika akivaa skii, Wazungu watakoma"

Hii huipenda sana vijiwe vyetu. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza, kwa udhamini wa Nike, na mwaka 1998 akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kwa dakika 47 na ushee. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda kwa dakika 27, alimsubiri mstarini akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Tatizo halikuwa mapafu. Skii ni mizani, mabega na ujanja wa nta. Kwenye mtindo wa klasiki, ule wa skii kwenda sambamba, sehemu ya skii iliyo chini ya kiatu hupakwa nta ya kushika ili usirudi nyuma unapopanda, na nta hiyo hubadilika kwa joto la theluji la siku hiyo. Theluji ikiwa imelowa au imegandia upya hutumika klista, ambayo ni ulimbo kabisa, ule wa kunasia ndege. Ikigusa suruali, suruali imekwenda. Shindano langu la kwanza nilipaka nta ya hali ya hewa nyingine. Theluji ikaganda chini ya miguu, kila hatua inaongezeka, mpaka nikawa natembea kama niliyevaa mchuchumio. Nilipitwa na mzee mwenye mjukuu mgongoni.

"Ukijua skii tu, skolashipu iko nje nje"

Hapa ndipo watu wanapoumia, tena wengine hulipa mawakala fedha nyingi.

Vyuo vyenye timu za skii chini ya NCAA, chombo cha michezo ya vyuo Marekani, havifiki hamsini. Kwa miaka mingi, hadi mageuzi ya 2025, ukomo wa daraja la kwanza ulikuwa ufadhili kamili 6.3 kwa timu ya wanaume na 7 kwa wanawake, na hao wa kuteremka mlima wanagawana humohumo. Kwenye ubingwa wa taifa timu haizidi watu 12. Unaogombania nao nafasi ni pamoja na vijana wa Norway waliovaa skii kabla ya kujua kusoma. Chuo Kikuu cha Denver, kinachoongoza kwa mataji, kimewategemea sana watu wa aina hiyo.

Halafu kuna vyuo vyenye timu nzuri ambavyo havitoi hata senti kwa sababu ya michezo: Dartmouth na Harvard, kwa kuwa ni Ivy League, umoja wa vyuo vikongwe usiotoa ufadhili wa michezo, na Middlebury, Williams, Bates na Bowdoin, vilivyo daraja la tatu la NCAA, lisilotoa pia. Mtu akikuambia ana "koneksheni ya skolashipu ya skii" Bowdoin, funga mkoba.

Lakini Harvard, Dartmouth na Bowdoin humpokea hata mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hufidia pengo la ada kwa kipimo cha kipato cha nyumbani. Kwa mtoto wa Mbagala mwenye alama za juu sana, mlango ni huo, na skii anazikuta ndani. Kazi iko kwenye fomu ya fedha. Wanataka kuona kipato cha mzazi, na baba wa mpwa wangu ni dereva wa daladala, hati ya mshahara hajawahi kuishika. Tulikaa usiku mzima na daftari lake la hesabu, tukaandika barua ya maelezo.

"Hujaanza utotoni? Sahau"

Timu kuu, kweli, sahau. Klabu, hapana. Vyuo vingi vya maeneo ya theluji vina klabu zinazopokea asiyejua kusimama, na zipo zinazoshindana chini ya USCSA, chama cha skii cha vyuo nje ya NCAA. Mimi nilianzia huko, kwa skii za kuazima.

"Ukihitimu, mchezo umekwisha"

Rosie Brennan alitoka Dartmouth, akaondolewa kwenye timu ya taifa ya Marekani, akajifua na klabu ya Alaska Pacific kule Anchorage, na Desemba 2020 akashinda mbio mbili za Kombe la Dunia mjini Davos. Kule Craftsbury, Vermont, wanariadha waliomaliza chuo hufanya kazi kituoni na kupewa malazi, chakula na kocha. Utajiri haupo.

Kwa sisi wengine kuna mbio ndefu za wazi: Vasaloppet ya Sweden, kilomita 90, tangu 1922, au American Birkebeiner ya Wisconsin, tangu 1973. Unalipa kiingilio, unapewa namba, unateseka.

"Nitaiwakilisha Tanzania Olimpiki, nani atanizuia?"

Makaratasi. Tanzania haijawahi kupeleka mtu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, na FIS husajili mchezaji kupitia shirikisho la nchi yake. Pita Taufatofua wa Tonga alijifunza kwa skii za magurudumu kama zangu, akafuzu kule Iceland, na mwaka 2018 akawa wa 114 kati ya 116 waliomaliza. Robel Teklemariam aliteleza kwa Chuo Kikuu cha New Hampshire, kisha akaiwakilisha Ethiopia 2006 na 2010, lakini kwanza ilibidi shirikisho la skii la Ethiopia lianzishwe. Mpwa wangu aliposikia hivyo akaniuliza kusajili chama hapa kwetu kunahitaji wanachama wangapi. Muuza madafu ameshasema yeye yumo.