Bunduki ya upepo ya zamani ikipungua nguvu, kagua ngozi kabla ya springi

Swali linalotufikia mara nyingi katika uhifadhi wa silaha za kale ni hili: bunduki ya upepo aliyoiacha babu imelegea, risasi inaanguka kabla ya kufika kwenye shabaha, je, tuifungie springi kali zaidi? Jibu ni hapana, na sababu iko ndani ya silinda.

Ukivuta wenzo, springi inabanwa nyuma ya pistoni. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni, pistoni inabana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha risasi. Springi yenyewe haigusi risasi kamwe. Hewa ikivuja, hata springi mpya itafanya kazi bure.

Bunduki za kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1905 kwa ubunifu wa Lincoln Jeffries, na bunduki nyingi za zamani za chapa ya Diana kutoka Rastatt, Ujerumani, zina kikombe cha ngozi kichwani mwa pistoni. Ni kama kile cha pampu za zamani za baiskeli, na kila fundi baiskeli anajua kwamba ngozi ikikauka, pampu haijazi tairi. Bunduki iliyolala kabatini miaka mingi hupatwa na hayo hayo: ngozi husinyaa na hewa hupenya pembeni.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Hakikisha bunduki haina risasi na haijakokiwa, isimamishe mtutu ukiangalia juu, dondoshea matone machache ya mafuta ya ngozi yatokanayo na miguu ya ng'ombe kwenye tundu la kupitishia hewa kutoka silinda kwenda kwenye mtutu, kisha iache usiku kucha. Usitie oili ya injini wala mafuta ya taa. Hewa ikibanwa ghafla namna ile hupata joto kali, mafuta hayo huwaka, bunduki hutoa moshi na mlio mkubwa, na springi inaweza kukatika.

Kama ni ya kuvunja mtutu, yaani ile ambayo mtutu wake hukunjwa kwenye maungio ili kuikoki, kagua pia gasketi ya maungio. Weka kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya maungio, kisha piga risasi moja kwenye shabaha salama. Karatasi ikipeperuka, hewa inatokea hapo. Usijaribu bila risasi, kwa sababu pistoni itagonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa.

Usikadirie nguvu kwa sikio, tumia kipimo cha mwendo. Risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 0.93 ikienda mita 150 kwa sekunde hubeba nguvu ya takriban jouli 10.5. Mwendo ukishuka hadi mita 120, zinabaki 6.7 tu. Mwendo umepungua kwa moja ya tano, lakini zaidi ya theluthi ya nguvu imekwenda.

Springi kali hupondaponda ngozi, hulegeza skrubu na kupasua kitako cha mbao ambacho hakikuundwa kwa mtikisiko huo. Tena kuna sheria. Uingereza, bunduki ya upepo ikizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.3 hivi, huhesabiwa kuwa silaha ya moto inayohitaji kibali cha polisi. Scotland inadai cheti hata chini ya hapo, tangu mwisho wa 2016. Kwingineko, waulize polisi kabla ya kununua au kutengeneza.

Kufungua silinda ni kazi ya fundi mwenye kibanio cha springi, kwa kuwa hata isipokokiwa, springi imebanwa ndani, na kifuniko kikifunguliwa ovyo huruka kwa nguvu ya kuvunja meno. Bunduki nyingi za zamani hazina kizuizi cha kuzuia wenzo au mtutu kurudi ghafla, kwa hiyo unapoweka risasi, shikilia wenzo au mtutu kwa mkono mmoja hadi utakapofunga. Vidole vimekatika kwa kupuuza hilo.

Fundi akibadilisha springi au ngozi, mwombe akurudishie ile ya awali. Ifunge kwenye karatasi, andika namba ya bunduki na tarehe, uitunze pamoja nayo.