Usipitishe siku mbili bila mazoezi

Ukitembea haraka kwa nusu saa, misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa wepesi zaidi, na wepesi huo hudumu kati ya siku moja na tatu tu. Ndiyo maana anayekimbia na kikundi Jumamosi kisha akakaa wiki nzima hapati faida anayoipata anayetembea siku tano. Mwenye kisukari tunamsisitizia zaidi: usipitishe siku mbili mfululizo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2. Ya wastani ni yale unayoweza kuongea ukiyafanya, lakini kuimba huwezi. Baiskeli kutoka Ngamiani hadi Raskazone inahesabika, na Tanga baiskeli hatujakosa.

Wengi huacha kwa sababu walianza kwa pupa. Siku ya kwanza saa nzima, kesho yake magoti hayakunjiki, wiki ya pili hawaonekani. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila wiki. Wiki ya tano utakuwa kwenye 30. Kwa nguvu, kaa kwenye kiti kigumu, inuka mara 10 bila kujishika, pumzika, rudia. Masika ikikufungia ndani, fanya hayo hayo sebuleni.

Kwenye chakula, pilau ya harusi moja haina lawama kubwa. Kinachoumiza ni kile cha kila siku. Chai vikombe 3, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, ni kama gramu 36, wakati kiwango bora ni chini ya gramu 25 kwa siku. Usikate ghafla: punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi utazoea. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda na viungo vya pakiti. Kisamvu kipike kwa tui jepesi, tui zito weka kidogo mwishoni. Chungwa la Muheza lile na nyama zake. Ukilikamua unabaki na sukari, nyuzinyuzi umezitupa.

Ramadhani ndiyo huvunja ratiba za wengi. Ukishafuturu subiri saa moja ndipo utembee, au nenda tarawehe kwa miguu. Kati ya sambusa, kachori na bagia, chagua kimoja kwa siku.

Ukiugua homa, pumzika, kisha rudi na nusu ya dakika ulizokuwa umefikia. Anayetumia insulini abebe pipi au juisi, maana sukari inaweza kushuka njiani, na akirudi akague nyayo zake. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, simama hapo hapo na uende hospitali. Dawa za presha usiziache kwa kuwa umeanza kutembea; daktari ndiye atakayepunguza dozi akishapima.