Hakuna Mnyama wa Daraja la Chini: Dhana Potofu Kuhusu Uainishaji wa Wanyama

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Kati ya konokono na nyungunyungu, nani ameendelea zaidi? Mbona samaki hawajageuka vyura mpaka leo? Kama binadamu ametokana na nyani, kwa nini nyani bado wapo? Wanafunzi huliuliza, na wenye shahada zao pia huliuliza. Ukutani darasani kuna bango linalowaunga mkono: sifongo chini kabisa, juu yake yavuyavu, kisha minyoo, wadudu, samaki, chura, mjusi, ndege, na binadamu kileleni. Bango hilo lingestahili kuteremshwa zamani sana. Nitalishughulikia kwa kirefu, halafu nigusie dhana nyingine zinazolizunguka.

Dhana: wanyama wamepangwa kama ngazi, kutoka wa chini hadi wa juu

Uainishaji wa kisasa ni ukoo. Unauliza kitu kimoja tu: nani ana babu wa pamoja na nani, na babu huyo ni wa karibu kiasi gani. Hauulizi nani bora, nani mwerevu wala nani ana viungo vingi.

Sifongo aliyepo leo si babu yako. Yeye na wewe mna babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na tangu hapo mstari wake umebadilika kwa muda ule ule ambao wako umebadilika. Hakuna ukoo uliosimama njiani ukingoja wengine wapite. Ndivyo ilivyo hata kwa jamaa zetu wa karibu: mstari wa sokwe na wa binadamu uliachana takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, na aliyekuwepo kabla ya njia panda hiyo hakuwa sokwe wala binadamu. Kuuliza kwa nini nyani bado wapo ni sawa na kuuliza kwa nini binamu zako wangali hai ilhali wewe umezaliwa.

Kosa la pili la ngazi ni kudhani kwamba mageuko huongeza tu. Mageuko hupunguza pia, na hupunguza mara nyingi. Mchukue tunikata, mnyama wa baharini. Akiwa mzima ni mfuko uliogandamana na mwamba, una tundu la kuingizia maji na la kuyatolea, basi. Kichwa hana, mkia hana. Kwa muda mrefu alihesabiwa kati ya moluska, kundi la konokono na chaza. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky alieleza ukuaji wake, na hapo mambo yakabadilika: lava wa tunikata, yaani mtoto ambaye bado hajageuka kuwa mzima, ana mkia, ndani ya mkia mna notokodi, fimbo laini ya kushikilia mwili, na juu ya notokodi hupita neva kuu yenye uwazi katikati. Hiyo ni ramani ya mwili wa kodata, kundi la wanyama wenye notokodi, sisi tukiwemo. Lava huogelea kwa muda mfupi, hujibandika kwa upande wa kichwa, kisha huufyonza mkia wake na notokodi ikapotea. Mwaka 2006 ulinganisho wa jeni nyingi ulionyesha kwamba tunikata ndio ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo, kuliko lanselete anayefanana na kisamaki. Mtu wa ngazi angempandisha lanselete juu kwa sababu ya sura, na angekosea.

Au mchukue Sacculina, kimelea wa kaa. Mzima hana miguu, hana pingili, hana utumbo. Ni nyuzi kama mizizi zilizoenea ndani ya kaa, na mfuko wa mayai unaochomoza chini ya tumbo lake. Ukimwona hivyo tu utadhani ni kuvu. Lakini lava wake ni naupli mwenye jicho moja na jozi tatu za viungo, lava anayejulikana vizuri kati ya krasteshia, kundi la kaa na kamba. Mahali pake katika ukoo pamethibitika kwa lava, na jeni zimekubali.

Miksozoa wamepunguza zaidi ya hapo. Hivi ni vimelea vidogo mno, vingi vyao vya samaki, na zamani viliwekwa pamoja na protozoa, viumbe vya seli moja. Spora zao zina vidonge vyenye uzi uliojikunja ndani, vilivyoundwa kama seli za kuchomea za yavuyavu, na jeni zimethibitisha kuwa ni wa faila (kundi kuu) hiyo hiyo. Mmoja wao, Henneguya salminicola, aliripotiwa mwaka 2020 kuwa hana kabisa jenomu ya mitokondria, yaani DNA ya vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Mnyama kamili, wa ukoo wa yavuyavu, aliyeacha karibu kila kitu.

Kiti cha pweza naye huwakwaza wengi. Mikono mitano imepangwa kuzunguka kitovu, kwa hiyo mwanafunzi humweka karibu na yavuyavu na kuandika "ulinganifu wa mzunguko". Mwangalie lava wake: ana upande wa kulia na wa kushoto, kama wewe. Mzunguko wa sehemu tano huja baadaye, mwili unapojipanga upya. Ni sifa mpya juu ya msingi wa pande mbili. Kiukoo kiti cha pweza, urchini (yule mnyama wa baharini mwenye miiba) na jongoo bahari wako upande wako wa mti wa ukoo, upande wa deuterostomia, tawi kubwa lenye wanyama wenye uti wa mgongo pia. Pweza, pamoja na jicho lake lenye lenzi na mfumo wake mkubwa wa neva, yuko upande mwingine, wa protostomia, na konokono na chaza. Akili haikumsogeza hata hatua moja karibu nasi.

Kwa hiyo yaache maneno "wa chini" na "wa juu" yakihusu wanyama. Sema "sifa ya kale" na "sifa mpya", na uyatumie kwa sifa peke yake. Kila mnyama ni mchanganyiko wa zote mbili. Mkono wako wenye vidole vitano umehifadhi hali ya kale ya mamalia, na mguu wa farasi wenye kidole kimoja ndio uliobadilika zaidi. Kwa kipimo hicho farasi amekupita.

Namna nzuri ya kujitibu ni kuchora mti mwenyewe kisha kuyazungusha matawi yake. Kila njia panda inaweza kugeuzwa, kushoto kuwe kulia, bila kubadilisha ukoo wowote. Mweke binadamu katikati, sifongo kulia kabisa, nyuki kushoto kabisa. Undugu husomwa kwa kushuka hadi kwenye njia panda ya pamoja, kamwe si kwa kutazama nani amekaa jirani na nani kwenye ncha. Ukishindwa kuuzungusha mti wako, bado unachora ngazi.

Na hata shina lenyewe bado linajadiliwa. Ulinganisho wa mpangilio wa kromosomu uliochapishwa mwaka 2023 uliunga mkono wazo kwamba waliojitenga kwanza na wanyama wengine wote ni tinofora, wanyama laini wa baharini wanaofanana na yavuyavu, wala si sifongo. Tinofora wana neva na misuli, sifongo hawana. Kama wazo hilo ni sahihi, asiye na neva ni ndugu yetu wa karibu kuliko mwenye nazo. Ngazi haina pa kuliweka jambo kama hilo.

Dhana: wanaofanana ni ndugu

Nungunungu na kalunguyeye wote wana miiba. Nungunungu ni mgugunaji, wa kundi la panya. Kalunguyeye hayumo humo kabisa, na miiba yao ilitokea kila mmoja kivyake. Pimbi ana umbo la sungura, lakini jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mchwa na sisimizi, kwa sababu ukuaji hutoa jibu bila maabara. Wote huishi kwa makundi yenye malkia, wafanyakazi na askari. Lakini mchwa hutoka kwenye yai akiwa tunutu mwenye miguu, na hukua kwa kujivua ngozi bila kupitia pupa. Sisimizi hutoka akiwa lava asiye na miguu, hulishwa, huwa pupa, ndipo awe mdudu kamili. Ukiwa na mzima tu mkononi, tazama kiuno: cha mchwa ni kinene, cha sisimizi kimebanwa sana. Tazama vipapasio: vya mchwa vimenyooka kama shanga zilizotungwa, vya sisimizi vina kiwiko. Mchwa ni tawi la mende. Sisimizi ni wa oda moja na nyigu na nyuki. Maisha ya kundi waliyapata mara mbili, kila upande peke yake.

Dhana: silomu inaonyesha hatua za mageuko

Silomu ni uwazi wa ndani ya mwili unaozunguka viungo. Vitabu vingi bado hupanga hivi: minyoo bapa hawana silomu, nematodi (minyoo mviringo) wana silomu ya uongo, nyungunyungu na waliobaki wana ya kweli, kana kwamba ni vituo vya safari moja. Uchambuzi wa jeni za RNA ya ribosomu, uliochapishwa mwaka 1995 na 1997, uliuvunja mpango huo. Minyoo bapa waliangukia karibu na moluska na nyungunyungu. Nematodi waliangukia pamoja na arithropodi (wadudu, buibui, kaa na jamaa zao) katika Ekdisozoa, kundi la wanaojivua gamba la nje. Nematodi hujivua mara nne kabla ya kukomaa. Pingili nazo zikapoteza heshima: nyungunyungu na tandu walikuwa wakiunganishwa kwa ajili yake, sasa wametengana. Silomu itakusaidia unapopasua mwili na kueleza unachokiona. Usiitumie kujenga ukoo.

Dhana: blastopo ikiwa mdomo ni protostomia, ikiwa mkundu ni deuterostomia, na habari imeishia hapo

Blastopo ni tundu la kwanza la kiinitete, na hiyo ni kanuni ya mtihani. Katika protostomia wengi blastopo hujifunga au huenda njia nyingine. Mnyoo wa baharini Priapulus ni Ekdisozoa, tena protostomia bila shaka, lakini utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba blastopo yake huwa mkundu. Kuhusu mgawanyiko wa yai ni hivyo hivyo. Mgawanyiko wa mzunguko, ambao seli mpya hukaa mshazari juu ya zilizotangulia, ni wa moluska, nyungunyungu na jamaa zao. Usiutafute kwa nematodi. Na usiseme kila deuterostomia ana seli ambazo hatima yake haijapangwa mapema. Hans Driesch, mwaka 1891, alitenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha urchini na kila moja ikatoa lava kamili, mdogo kidogo. Ukifanya hivyo kwa tunikata, ambaye naye ni deuterostomia, utapata nusu-nusu.

Dhana: kiinitete cha binadamu hupitia hatua ya samaki

Ernst Haeckel aliipa nguvu dhana hii mwaka 1866, ingawa Karl Ernst von Baer alikuwa ameshaandika sahihi zaidi mwaka 1828: kiinitete cha mnyama mmoja hufanana na kiinitete cha mwingine, hakifanani na mzima wake. Katika wiki ya nne shingoni mwa kiinitete cha binadamu mna matao ya koromeo. Si matamvua, wala hayajawahi kuwa matamvua kwetu. Tao la kwanza hutoa taya na vifupa viwili vya sikio la kati, la pili hutoa kifupa cha tatu. Kwa samaki matao ya nyuma hushika matamvua. Malighafi ni ile ile, kazi ni mbalimbali.

Nyingine kwa haraka

Notokodi si uti wa mgongo. Ni fimbo laini ya kiinitete, na kwako mabaki yake yako katikati ya diski za uti.

Si mamalia wote huzaa: kinyamadege na ekidna hutaga mayai na hunyonyesha. Wala kuzaa hakumfanyi mtu mamalia, maana nyoka wengi na papa wengi huzaa.

Mamba hayuko karibu na mjusi kuliko alivyo karibu na kuku. Mamba na ndege wana babu wa pamoja ambaye mjusi hamo katika uzao wake, na wote wawili wana moyo wa vyumba vinne. Ukisema "reptilia" ukawaacha ndege nje, umekata tawi moja la ukoo kwa sababu tu lina manyoya.

Buibui, nge na kupe si wadudu. Hesabu miguu: minane. Na wadudu wenyewe wamechipuka ndani ya krasteshia, kwa hiyo nzi yuko karibu na kamba kuliko alivyo karibu na buibui.

Dhana: siku hizi DNA inatosha, mifupa na viinitete ni historia

Jeni hukupa umbo la mti. Hazikuambii mwili ulionekanaje kwenye njia panda, na DNA haidumu katika mawe ya makumi ya mamilioni ya miaka. Kisa cha nyangumi kinaeleza vizuri. Molekuli zilimweka ndani ya kundi la wanyama wenye kwato shufwa, jamaa wa karibu wa kiboko, na wataalamu wa visukuku wengi wakapinga. Mwaka 2001 vikachapishwa visukuku vya nyangumi wa kale kutoka Pakistan, waliokuwa bado na miguu. Mfupa wao wa kifundo, astragalo, una umbo la kapi juu na chini. Umbo hilo ni alama ya wenye kwato shufwa, ng'ombe, swala na kiboko wakiwemo. Anayetaka kukagua mwenyewe ashike astragalo ya mbuzi na ya mbwa pamoja: ya mbwa ina kapi upande wa juu tu, na chini ina kichwa cha mviringo.